Ganda la Tisa

"Hebu niambie, Bi Sichana, hiyo kamera yako ina kibyongo?"

Aliuliza hivyo Bi Mwanapili, jirani yetu wa Mkunazini, siku alipotukuta barazani tunafuta vumbi vyombo vya kazi. Bi Sichana hakukasirika. Aliipapasa kamera mgongoni, pale palipotuna, akamjibu: "Inacho. Na hicho kibyongo ndicho kinachonilisha."

Bi Mwanapili alicheka mpaka akashika ukuta.

Nnamwandika Bi Sichana angali hai na ana siha yake, alhamdulillahi, kwa sababu watu wanamjua kwa kamera lakini hawajui alilolifanya mwaka jana kwenye harusi ya Nusrat. Mwenyewe ameniruhusu, na wenye harusi nao wameniruhusu. Mimi ni Riyama. Skuli niliishia darasa la saba, na huu mwaka wa kumi na moja nnamchukulia Bi Sichana mkoba wake.

Nieleze kwanza hicho kibyongo. Kamera yenyewe ni ya zamani, nzito kama pasi ya mkaa. Huiweki jichoni, unaiinamia kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Mgongo wake unabanduka, ukapachika mwengine. Marehemu mumewe, Bwana Mabrouk, alikuwa na studio, na mgongo huu uliotuna aliununua kwa picha za pasipoti, kwa ajili ya watu wenye haraka. Ndani yake inakaa pakiti ya filamu kumi za papo kwa papo. Ukishapiga, unavuta ulimi wa karatasi, kisha wa pili, na zinatoka karatasi mbili zimegandana, dawa katikati. Unangoja kidogo, unabandua. Moja ndiyo picha, nyeusi na nyeupe, ya mraba, imeelemea upande mmoja wa karatasi kama mgeni aliyeona haya kukaa katikati. Ya pili ni ganda. Wengine hungoja kwa kutazama saa. Bi Sichana husoma sura ya Qul-huwallahu mara tano kwa utuo. Kwa joto letu, anasema, mara tano zinatosha.

Hilo ganda halitupwi ovyo. Sura ya mtu inabaki juu yake, ila imegeuka: uso mweusi, nywele nyeupe.

Bi Sichana alipokuwa bibi harusi mwenyewe alipigwa picha nywele wazi, ya kuonwa na mumewe tu. Mumewe alikuwa hajafungua studio, filamu ikapelekwa kusafishwa kwa mtu mwengine, na mtu huyo akajitolea nakala, akaiweka kwenye kioo cha duka lake. Miezi mitatu wanaume wakipita, wanamtazama, na yeye yumo ndani anapika, hana habari. Mpaka leo ukimtajia anainuka anakwenda kutia maji birikani, hata kama birika limejaa. Basi alipofiwa na mumewe na kamera ikabaki mkononi mwake, akatia nia: atapiga wanawake tu, na kwa mgongo ule tu. Picha inatoka mbele ya mwenyewe, anaishika mwenyewe, na ganda linachomwa mbele yake. Halipelekwi popote, wala hakuna wa kulisafisha. Ndiyo maana mpaka hii leo, simu zimejaa kila mkono na kwenye shughuli za wanawake zinakusanywa kapuni mlangoni, bado mama wa maharusi wanampeleka mtu kumwita Bi Sichana.

Filamu zenyewe hazitengenezwi tena. Mpwa wake Himid, aliyeko Maskati, alikuwa akimtafutia zilizobakia, zilizopita muda, na yeye anazihifadhi kwenye friji chini ya samaki. Pakiti tuliyokwenda nayo kwa Nusrat ilikuwa ya mwisho.

Ilikuwa Alkhamisi, siku ya hina, nyumbani kwa mama yake Nusrat, Bi Tahiya, mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini. Nikahi ilikuwa Jumapili. Bwana harusi ni Kheir, kijana wa Chwaka, na shangazi yake aliyemlea, Bi Shemsa, alikuja siku hiyo kuleta vitu vya bibi harusi. Nyumba imejaa, vigelegele, moshi wa udi, masinia ya vyakula yanapita juu ya vichwa vyetu. Bi Sichana alimpiga Nusrat picha tisa chumba cha ndani, nywele zimeachiwa mabegani, hina mpaka viwikoni. Ya kumi aliibakisha ndani ya kamera.

"Akiba," aliniambia.

Kazi yangu mimi ni maganda. Yakibanduliwa yanakuwa na utelezi wa dawa, na mabichi hayashiki moto, basi nayapanga kwenye mkeka pembeni yakauke. Siku hiyo niliyapanga, halafu mtu akaniita, "Riyama!", nikaitika naam, nikatoka kutafuta chetezo cha pili cha kufukizia udi. Nilikawia. Niliporudi adhana ya Magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Bi Tahiya alishajifunga ushungi wa kusalia. Akamwambia Bi Sichana, "Wewe choma tu, dada yangu. Mie nakuamini, siji kuhesabu." Akaenda kusali.

Tulishuka uani. Bi Sichana akayachoma moja moja juu ya kaa, na kila moja analitaja kwa nambari yake. Alipofika nane mkono ukarudi mtupu.

"Riyama. La tisa liko wapi?"

"Si hayo hayo, Bi Sichana?"

"Haya manane."

Tulipekua mkeka, mkoba, baibui zetu, chini ya vitanda. Hakuna. Bi Tahiya akarudi kutoka kusali, uso umetulia, akauliza, "Tayari?" Bi Sichana akafungua kinywa. Nilimwona anakifungua. Kisha wageni wakaingia wanaaga, Bi Tahiya akavutwa huku na huku, na neno likabaki halijasemwa. Tukaondoka.

Ijumaa hakukaa kitako. Nilikwenda kwake asubuhi nikamkuta amemimina chai vikombe vitatu, vyote vimepoa, hakugusa hata kimoja. Anakwenda dirishani, anarudi. Anafungua mkoba tulioufungua mara saba, anaufunga.

"Bi Sichana, huenda limeungua pamoja na jengine, yalishikana."

"Nimechoma kwa mkono wangu. Manane."

"Basi huenda limefagiliwa na taka."

"Huenda! Na huenda liko mfukoni kwa mtu. Mtoto wa watu, Riyama, nywele wazi, mikono wazi. Mamake kaniambia ananiamini." Akainuka akatia maji birikani.

Na mimi sikuwa na raha. Sala ya Adhuhuri niliirudia, maana sikujua nimesali rakaa tatu au nne. Makosa ni yangu, mimi ndiye niliyeyaacha maganda peke yake. Baada ya Alasiri nikarudi kwa Bi Tahiya kwa kisingizio cha kusaidia kuosha vyombo, nikaenda moja kwa moja kwenye ule mkeka. Pembeni, pale nilipoyapanga, niliona alama ya ile dawa, imekauka nyeupe kama uji. Na alama ile ilikatwa na duara. Kubwa. Duara la sinia.

Nikamuuliza mmoja wa wasichana wa jikoni, "Jana pale aliweka nani sinia?"

"Lile la mikate ya kumimina? Si lile alilopewa shangazi yake bwana harusi aende nalo Chwaka."

Ganda lilikuwa bichi, linanata, sinia limewekwa juu yake, limeinuliwa nalo, likafunikwa kawa juu vizuri, likaenda zake mpaka nyumbani kwa bwana harusi na sura ya Nusrat chini ya kitako chake.

Msomaji wa mbali pengine atasema, si mwende mkalichukue? Kwetu sinia la watu halirudi tupu. Aliyepewa anakaa nalo mpaka apate cha kutia ndani, iwe siku mbili au mwezi. Na wewe uliyepeleka huendi kuliulizia. Ukiliulizia umemwambia mtu mchoyo, au umejionyesha wewe ndiye mchoyo. Kwenda kuliulizia kwa wakwe, siku moja kabla ya nikahi, ni kutafuta ugomvi kwa tochi.

Bi Sichana alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kesho tunakwenda Chwaka. Na kamera tunaichukua."

"Kamera ya nini?"

"Sijui. Siwezi kukaa bila ya kushika kitu."

Jumamosi tukakodi gari. Tulipofika Tunguu, katikati ya njia, akamwambia dereva ageuze. Dereva hajamaliza kupunguza mwendo, akamwambia, "Usigeuze, nenda." Vidole vyake vinakwenda juu ya ngozi ya mkoba, vinapiga kama mtu anayecheza ngoma ndogo. Mimi nnasoma Ayatul Kursiy moyoni.

Nyumba ya Bi Shemsa iko karibu na pwani. Mwani ulikuwa umeanikwa mpaka mlangoni, tukauruka.

"Hodi!"

"Karibuni." Alitoka mwenyewe, bibi mwembamba, macho makali. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila ya kunitazama. Alikuwa anamtazama Bi Sichana. "Aaa. Mpiga picha. Mmekuja kudai sinia?"

"Hasha, Bi Shemsa. Tumekuja kukujulia hali."

"Hali yangu mliniona nayo juzi. Au mmekuja kutazama kama kazi imeshika?"

"Kazi gani?"

Alitupitisha jikoni. Kwenye pembe palikuwa na chungu kimefudikizwa chini, juu yake jiwe la kusagia, na kukizunguka pamemwagwa chumvi.

"Hii," akasema. "Nimegeuza sinia nilioshe, nakuta kitu kimegandishwa chini. Mtu mweusi, nywele nyeupe, macho meupe, amekaa kama jini! Sinia la kwa bibi harusi! Nilimlea Kheir kwa kuuza mwani, sikumlea wakaja watu wa mjini kumfunga kwa uchawi wa vitabu. Leo akirudi kutoka baharini ntamwambia: hiyo nikahi ya kesho, basi."

"Astaghfirullah!" nikasema mimi. "Bi Shemsa, hiyo ni..."

Nikisema ni nini, nimeshasema kuwa ni Nusrat, nywele wazi, na kuwa ahadi tuliyompa mamake imevunjika. Nisiposema, harusi inakufa hapo jikoni. Nikamtazama Bi Sichana. Alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi mikono yake haikuwa inacheza.

"Nani mwengine ameiona?" akauliza.

"Nani nimwoneshe? Jicho langu tu. Nilisoma dua nikaifunika."

"Kheir?"

"Hajaingia jikoni."

"Basi nisikilize, Bi Shemsa, na dhambi ni yangu mimi, si ya kwao. Hilo si jini. Ni mkweo. Ni ganda la picha yake, nililoahidi kulichoma, likanipotea."

Bi Shemsa akacheka kicheko kikavu. "Mkwe wangu mweusi kama chungu? Nilimwona juzi, mweupe kama tui. Wee mama, usinifanye mtoto."

"Ganda hugeuza."

"Hugeuza! Na mie unataka kunigeuza."

Hapo ndipo Bi Sichana alipofungua mkoba. Akakaa, akaitoa kamera, kibyongo na vyote, akaiweka magotini.

"Imebaki moja," akasema. "Vua ushungi wako, nikuoneshe."

"Nivue nini?"

"Ushungi. Sisi wanawake watupu hapa. Riyama, funga mlango."

Bi Shemsa alimtazama, akanitazama mimi, akatazama chungu chake. Nafikiri udadisi ndio uliomshinda. Akafungua ushungi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, nyembamba, amesuka mabutu mawili kama msichana wa chuo cha Kurani. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi karibu na dirisha, kidevu juu.

Bi Sichana akainamia kamera. Akabonyeza. Kamera ikagoma. Akabonyeza tena, kimya.

"Imekufa?" Bi Shemsa akauliza, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Imeogopa chumvi!"

"Kibati, Bi Sichana," nikamnong'oneza. Kati ya kamera na mgongo kuna kibati chembamba kinachozuia mwanga, na kikiwemo hicho kamera haikubali. Miaka yote ile hajawahi kukisahau. Akakichomoa, akasema bismillahi kwa sauti, akabonyeza. Ikaita, klap! Akavuta ulimi wa kwanza, kisha wa pili, mkato mmoja, bila ya kusita. Karatasi zikatoka zimegandana.

"Sasa?" Bi Shemsa akauliza.

"Sasa tunasoma. Qul-huwallahu, mara tano."

Tukasoma watatu pamoja. Bi Shemsa alianza kwa kunung'unika, lakini mtu hanung'uniki na Qul-huwallahu. Kufika mara ya tatu sauti yake ndiyo iliyotuongoza. Filamu imepita muda miaka, dawa ndani pengine imekauka, na ikitoka nyeusi tupu hatuna nyengine duniani.

Bi Sichana akabandua.

Pembe moja dawa haikufika, palibaki pameliwa. Lakini katikati alikuwepo Bi Shemsa, kidevu juu, nywele nyeupe, na dirisha machoni mwake. Akaishika kwa vidole viwili.

"Ala! Ndiye mie!"

"Na hili ndilo ganda lako."

Akalipokea. Uso mweusi kama chungu. Na mabutu mawili, meusi, meusi ti. Alilitazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli, mpaka akajifuta machozi na pindo la kanga.

"Nywele zimerudi! Bi Sichana, umenirudishia nywele! Nilikuwa nazo hivi hivi siku babake Kheir anazaliwa." Akanipa mimi ile picha. "Hii chukueni. Huyu bibi kizee nnamjua. Mie nipeni ganda."

"Ganda huchomwa, Bi Shemsa."

"La kwangu halichomwi. Mwenyewe nshasema."

Akaondoa jiwe, akainua chungu. Ganda la Nusrat lilikuwa limelala kifudifudi. Hakuligeuza kulitazama tena. Alilifunga kwenye kitambaa cheupe, akampa Bi Sichana kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Kheir hatajua. Na mie sijaona kitu, niliona jini." Halafu akajaza sinia kwa samaki wa kukaanga na ndizi mbivu, akalifunika kawa, akatupa tulirudishe kwa mwenyewe. "Mpelekeeni Bi Tahiya. Mwambieni kesho tutafika mapema."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nnashukuru. Nikamwambia Bi Sichana, "Sasa ni kulichoma tu kwako, yakaisha. Mungu ametusitiri."

"Amemsitiri Nusrat," akasema.

"Bi Tahiya hajui, na asipojua haumii. Kesho harusi ya mwanawe. Ukimwambia leo unamtia moto tumboni bure."

Akawa anafungua kile kitambaa na kukifunga. Kufika Malindi alishuka kabla ya gari kusimama sawasawa, nikamfuata mbio na sinia kichwani. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mapaa. Bi Tahiya alikuwa ukumbini anahesabu vikombe, nywele zimejaa unga, kachoka lakini anang'aa kwa furaha. Alipoona sinia akapiga kigelegele.

"Limerudi! Tena limejaa! Bi Shemsa ana adabu, wallahi."

"Bi Tahiya," Bi Sichana akasema. "Weka vikombe chini."

Akamweleza yote, amesimama, hakuvua hata viatu vizuri, kimoja kimebaki mguuni. Manane aliyoyachoma. Kinywa alichokifungua akakifunga. Sinia, Chwaka, chungu na chumvi. Nani ameona, na nani hajaona. Jina langu hakulitaja, mimi ndiye niliyesema, "Mimi ndiye niliyeyaacha, Bi Tahiya." Uso wa Bi Tahiya ulikuwa unabadilika, unapanda, unashuka, na jikoni watu wanacheka kwa mambo yao. Chetezo kilikuwa pale sakafuni, makaa yake yangali mekundu. Bi Sichana akapiga magoti mbele ya Bi Tahiya, mtu mzima yule, akafungua kitambaa na kukinyoosha mbele.

"Nnakuomba unisamehe. Na hili ulichome wewe, kwa mkono wako."